Lau Mfalme Angepata Nafasi

Mwaka 1589 meli za Wareno kutoka Goa, makao yao makuu kule India, ziliingia Mombasa kumsaka Mturuki mmoja aitwaye Mir Ali Bey. Alikuwa ameshafika pwani yetu kabla ya hapo, na miji kadhaa ilimpokea kwa furaha kwa sababu watu walikuwa wamechoka na Wareno. Mombasa ndiyo iliyojitosa zaidi. Lakini safari hii mkosi uliwajia kutoka pande mbili: baharini ni meli za Goa, na upande wa bara, kwenye kivuko cha Makupa, Wazimba walikuwa wamepiga kambi baada ya kuifanyia Kilwa unyama usiosemeka. Mji ukabanwa katikati. Mir Ali akakamatwa, akaishia Lisbon akiwa mateka. Mwaka 1593 ujenzi wa Fort Jesus ukaanza, na kiti cha Mombasa akapewa mtawala wa Malindi, rafiki mkubwa wa Wareno.

Mfalme ambaye jina lake lilitumika kwa haya yote hakuwa Mreno. Alikuwa Philip II wa Hispania, aliyelichukua taji la Ureno mwaka 1580. Na mfalme huyohuyo, mwaka huohuo, alikuwa na waasi wengine kaskazini mwa Ulaya, kwenye nchi za tope na mifereji ambazo leo tunaziita Uholanzi na Ubelgiji. Wale wa Mombasa walishindwa. Wale wa Uholanzi walishinda, ingawa kwa miaka mingi hakuna aliyekuwa na hakika.

Mimi ni mpenzi wa historia za "ingekuwaje." Nazisoma usiku, nabishana nazo barazani, na nimegundua kwamba zikifika Uholanzi wengi hufanya jambo lilelile: wanamuua kiongozi wa waasi mapema, halafu wanasema uasi umekufa. William wa Orange anaanguka farasi mwaka 1568, basi, mchezo umekwisha. Sikubaliani nao. William aliuawa kweli, kwa bastola, nyumbani kwake Delft tarehe 10 Julai 1584, na uasi haukufa. Ukitaka kuua uasi wa nchi zile, mwache kiongozi. Mtafutie mfalme nafasi.

Tazama uasi uliokwisha kushindwa kabla ya hapo. Mwaka 1539 mji wa Ghent ulikataa kulipa kodi ya vita ya Kaisari Charles V, baba yake Philip. Charles mwenyewe alizaliwa Ghent, kwa hiyo mtu angedhani angewaonea huruma. Wakati ule alikuwa na amani na Ufaransa, amani ya nadra sana kwake, hata mfalme wa Ufaransa akamruhusu apite katikati ya nchi yake na watu wake. Akafika Ghent mapema mwaka 1540 na jeshi, bila haraka, bila vita vingine vya kumvuta kanzu. Wazee wa mji na mafundi wakatolewa barabarani pekupeku kumwomba radhi, wengine wakiwa wamevalishwa vitanzi shingoni. Mpaka leo watu wa Ghent hufanya maandamano kila Julai wakiwa wamevaa vitanzi hivyo, kwa majivuno. Ukiniuliza, huo ndio ukaidi wa kweli.

Rudi sasa kwa Philip. Mwaka 1566 Waprotestanti waliingia makanisani wakavunja sanamu, kuanzia Flanders hadi kaskazini. Mwaka uliofuata Philip akamtuma Duke wa Alba na jeshi. Alba akaunda mahakama iliyonyonga na kukata vichwa, na Juni 1568 makabaila wawili, Egmont na Horn, walikatwa vichwa kwenye uwanja mkuu wa Brussels. Mpaka hapo uasi ulikuwa umeshindwa. William alikuwa mkimbizi Ujerumani, jeshi lake limesambaratika kwa kukosa mishahara. Alba akajiona amemaliza kazi, akataka kuleta kodi ya asilimia 10 kwenye kila mauzo, na hapo akawaudhi hata Wakatoliki wenye maduka ambao hawakuwa na habari na dini ya mtu.

Ndipo ikaja tarehe 1 Aprili 1572. Maharamia wa upande wa waasi waliojiita Ombaomba wa Baharini, chini ya bwana mmoja wa vurugu aitwaye Lumey, walikuwa wamefukuzwa bandari za Uingereza na Malkia Elizabeth. Wana njaa, upepo hauwataki. Wakajikuta mbele ya mji mdogo wa Den Briel. Kikosi cha Hispania hakikuwepo, kilikuwa kimepelekwa Utrecht kuwatisha watu waliogomea ile kodi. Mvushaji mmoja wa pale, Koppelstock, akatumwa mjini na ujumbe wa kutaka mji ujisalimishe, mkononi ana pete ya mmoja wa makapteni kama uthibitisho. Wakubwa wa mji wakamuuliza hao watu ni wangapi. Akajibu bila kupepesa macho: kama elfu tano hivi. Walikuwa mia chache tu. Wakubwa wakakimbia kwa lango la upande wa pili, na Ombaomba wakachoma lango la kaskazini kwa lami na majani makavu, kisha wakaligonga kwa mlingoti hadi likaanguka.

Mtunzi wa historia za "ingekuwaje" akifika hapa hupenda kumfunga Koppelstock mdomo. Mimi naona ni kosa. Hata mji ule usingetekwa, kulikuwa na miji mingi iliyokwisha kuchukia ile kodi, na pwani ndefu isiyo na walinzi. Swali langu ni jingine: kwa nini Philip, mfalme tajiri kuliko wote Ulaya, hakuweza kuirudisha miji michache ya wavuvi?

Jibu liko Tunis. Mwaka 1574 Wahispania walikuwa wameuzingira mji wa Leiden, watu ndani wanakula paka na majani ya miti, habari zinaingia kwa njiwa. William akaamuru kingo za kuzuia maji zibomolewe, mashamba yafunikwe, ili mashua za Ombaomba zifike hadi kuta za mji. Maji yakapanda kidogo yakasimama. Wiki zikapita. Na katika majuma yaleyale, Agosti na Septemba, meli za Sultani wa Uturuki zilikuwa zinaiteka ngome ya La Goletta na kisha Tunis yenyewe kutoka mikononi mwa Philip. Fedha yake ilikuwa imegawanyika pande mbili, na haikutosha hata upande mmoja. Ombaomba walilijua hilo vizuri. Wengine walibandika kwenye nguo zao nembo ya fedha yenye umbo la mwezi mwandamo, imeandikwa kwamba heri Mturuki kuliko Papa. Hawakuwa Waislamu wala hawakutaka kuwa. Walikuwa wanamshukuru mtu aliyekuwa akimshughulisha adui yao.

Mwanzoni mwa Oktoba upepo ukageuka, maji yakajaa, na usiku wa kuamkia tarehe 3 Wahispania wakaondoka. Wanasimulia kuwa mvulana mmoja alikuta kwenye ngome yao sufuria ya mchuzi wa karoti na vitunguu iliyoachwa. Leiden wanaula mchuzi huo kila tarehe 3 Oktoba, pamoja na samaki wa chumvi na mkate mweupe vilivyoletwa na waokozi.

Sasa tuseme upepo ule haukugeuka. Leiden inaanguka, Holland, jimbo kuu la waasi, inakatwa vipande viwili. Je, uasi umekwisha? Bado nasita. Miezi michache kabla, Aprili 1574, jeshi la Philip liliwashinda waasi vibaya sana pale Mook, ndugu wawili wa William wakafa, na siku zilizofuata washindi wenyewe wakagoma kwa sababu hawajalipwa, wakaenda zao Antwerp kudai haki yao. Jeshi linaloshinda vita likagoma! Septemba 1575 Philip akasimamisha malipo kwa mabenki. Novemba 1576 askari wake wakaivamia Antwerp, mji wa mfalme wao wenyewe, wakaua maelfu na kuchoma jumba la manispaa. Huwezi kumpa mtu kama huyu upepo mzuri ukadhani umemsaidia. Atashinda Leiden mwezi wa kumi, afilisike mwaka unaofuata palepale.

Kwa hiyo mimi naihamisha historia mbele, hadi miaka ya 1580. Mwishoni mwa miaka ya 1570 Philip na Waturuki walikubaliana kusimamisha vita. Fedha ya Amerika ikaongezeka. Gavana mpya wa nchi zile, Alexander Farnese, mkuu wa Parma, alikuwa mjanja wa vita na wa maneno pia. Mara mfalme alipopata nafasi, uasi ukaanza kufa mji mmoja mmoja: Maastricht 1579, Tournai 1581, Ghent 1584, Brussels 1585. Kuizingira Antwerp, Parma aliufunga mto Scheldt kwa daraja la mashua zilizofungwa pamoja. Waasi wakaajiri Mtaliano, Gianibelli, akajaza meli baruti na mawe na kuziachia zielee na mkondo. Moja ilipasua daraja na kuua mamia ya askari kwa kishindo kimoja. Lakini waasi waliokuwa wakisubiri ishara ya kushambulia hawakuja, na Parma akaliziba pengo. Agosti 1585 Antwerp ikasalimu amri.

Hapa ndipo watu husahau jambo: nusu ya uasi huu ilishindwa kweli. Huna haja ya kubuni. Ubelgiji ya leo ndiyo sehemu ambayo mfalme alipata nafasi ya kuishughulikia. Waprotestanti wa Antwerp walipewa miaka minne wauze mali waondoke, au warudi Ukatoliki. Mji uliokuwa na watu wapatao 80,000 ukabaki na kama 42,000 mwaka 1589. Wafanyabiashara, wachapaji vitabu na wafuma vitambaa wakahamia kaskazini, na mtaji wao ndio ulioipandisha Amsterdam. Mto Scheldt ukafungwa na Waholanzi, bandari kubwa kuliko zote ikageuka mahali pa kuvua samaki.

Kwa nini Parma hakuendelea kaskazini? Kwa sababu mwaka 1588 Philip alimwambia akae pwani kusubiri meli za kuivamia Uingereza, na ile Armada ikashindwa. Kisha mwaka 1590 akamwamuru aingie Ufaransa kwenye vita vya wenyewe kwa wenyewe. Parma alilalamika. Alijua. Waholanzi chini ya Maurice, mtoto wa William, wakaitumia miaka hiyo kurudisha miji mmoja baada ya mwingine.

Basi "lau" yangu ni hii: lau Philip angewaacha Waingereza na Wafaransa wafe na yao, akampa Parma miaka mitano tu zaidi. Naamini Holland na Zeeland zingesalimu, kwa masharti nafuu, kama Antwerp. Zingebaki na mabaraza yao na biashara yao, zikapoteza makanisa yao.

Na hapo pwani yetu inaingia. Waholanzi walikwenda kutafuta pilipili Asia wenyewe kwa sababu, pamoja na mengine, mfalme waliyemwasi ndiye aliyekuwa na Lisbon, na alikuwa akiwafungia milango. Meli zao nne za kwanza ziliondoka mwaka 1595. Kampuni yao ya India Mashariki ikaundwa mwaka 1602, ikiwa duka na jeshi kwa pamoja. Mwaka 1607, na tena 1608, waliizingira ngome ya Wareno kwenye Kisiwa cha Msumbiji. Wakashindwa mara zote mbili. Wangeshinda, huenda kituo chao cha njiani kingekuwa pale na wasingekwenda kujenga Cape mwaka 1652. Badala yake walimnyang'anya Mreno Malacca mwaka 1641, Colombo 1656, Cochin 1663. Goa ikabaki gofu lenye jina kubwa.

Uholanzi iliyoshindwa isingefanya lolote kati ya hayo. Wangenunua pilipili Lisbon kama raia wema wa Philip. Mreno angebaki na mdalasini wa Ceylon, yaani Sri Lanka ya leo, na fedha hiyo ndiyo ingelipa meli za kuja kuisaidia Fort Jesus. Je, Waomani wangeshindwa? Hapa nasema polepole, maana ni rahisi kumfanya Mholanzi kuwa sababu ya kila kitu. Hormuz ilimtoka Mreno mwaka 1622 kwa mkono wa Waajemi na Waingereza, Mholanzi hayumo. Maimamu wa Yaarubi waliiteka Muscat mwaka 1650 kwa nguvu zao. Nadhani wangekuja Mombasa vilevile. Ila kuizingira ngome ile kuanzia Machi 1696 hadi Desemba 1698, wakati watu ndani wanakufa kwa maradhi na meli za msaada zinakuja kwa kudonoa, hilo lilifaa kwa Mreno aliyefilisika. Mbele ya Mreno mwenye Ceylon mkononi, sioni Mwomani akisubiri karibu miaka mitatu. Na bila Mombasa, ile Zanzibar ya Masultani wa Busaidi tunayoijua inakuwa ngumu kuiona.

Kuna mtu mmoja ninayemfikiria sana katika hesabu hii. Yusuf bin Hasan, aliyelelewa na mapadri Goa, akabatizwa Jerónimo, akarudishwa kuitawala Mombasa. Agosti 1631 aliingia ndani ya Fort Jesus akamchoma kisu kapteni wa ngome, akarudi kwenye Uislamu, na Wareno wa mji wakauawa. Mwaka 1632 meli za Goa zilikuja kumzingira, zikashindwa! Kisha akaondoka mwenyewe, akaishi kwa uharamia baharini hadi alipofariki mwaka 1638. Mfalme aliyemwasi alikuwa Philip IV, ambaye wakati ule alikuwa anapigana tena na Waholanzi. Yusuf alikuwa na bahati ileile ya William, adui mwenye shughuli nyingi. Alichokosa ni miji mingine ya kusimama naye.

Nije kwa uasi wa pili, ule wa Wabelgiji, ambao kwetu una uzito zaidi. Kati ya uasi ule wa kwanza na huu kuna jaribio la mwaka 1789 dhidi ya Austria, iliyokuwa ikiitawala Ubelgiji wakati huo. Nalipita haraka: walishinda pale Turnhout, wakatangaza Ubelgiji yao Januari 1790, wakaanza kugombana wao kwa wao, na mara Kaisari wa Austria alipopatana na Prussia majira ya joto ya 1790, jeshi lake likarudi Brussels kabla ya mwaka kwisha. Mfalme alipata nafasi. Ni hayo tu.

Mwaka 1815 mataifa makubwa yaliwaunganisha Waholanzi na Wabelgiji chini ya Mfalme William I. Jioni ya tarehe 25 Agosti 1830, baada ya opera mjini Brussels yenye wimbo wa mapenzi ya nchi, watu wakamwagika mitaani. Opera hiyo imepewa sifa kupita kiasi, nadhani kwa kuwa ni hadithi tamu. Mkate ulikuwa ghali, kazi hazikuwepo, na Paris ilikuwa imetoka kumfukuza mfalme wake mwezi uliotangulia. Septemba 23 jeshi la William liliingia Brussels likakwama kwenye bustani kubwa, likipigwa risasi kutoka madirishani siku nne, likaondoka usiku.

Sasa sikiliza jambo ambalo wengi hawalijui. Uasi wa Ubelgiji ulishindwa. Leopold wa kwanza aliapa kuwa mfalme tarehe 21 Julai 1831. Hajamaliza wiki mbili, tarehe 2 Agosti Waholanzi wakavuka mpaka. Ndani ya siku kumi walilivunja jeshi lake karibu na Hasselt, kisha Leuven, na njia ya Brussels ikawa wazi. Kilichomwokoa ni Wafaransa wapatao 50,000 wakiongozwa na Marshal Gérard. (Muuaji wa William wa Orange pia aliitwa Gérard. Uholanzi haina bahati na jina hilo.) Waholanzi wakarudi kwao, na mwaka 1839 wakakubali kuitambua Ubelgiji.

Na kwa nini hakuna aliyemsaidia William? Tsar Nicholas wa Urusi alikuwa anataka sana. Dada yake, Anna Pavlovna, alikuwa mke wa mrithi wa kiti cha Uholanzi, kwa hiyo waasi walikuwa wanamnyang'anya shemeji yake urithi. Alikuwa anaandaa jeshi, na alitegemea kutumia Wapolandi. Tarehe 29 Novemba 1830 Wapolandi wakamwasi yeye. Warszawa ilianguka Septemba 1831, mwezi mmoja baada ya zile siku kumi. Wapolandi walichelewesha Warusi kwa miezi kumi, na katika miezi hiyo Ubelgiji ikazaliwa. Bila Poland, Wafaransa wangefikiri mara mbili kabla ya kuvuka mpaka.

Lau wasingevuka, Leopold angerudi Uingereza alikokuwa akiishi, mwanamfalme wa Kijerumani mwenye pensheni nzuri. Mtoto wake Leopold II, aliyezaliwa mwaka 1835, asingekuwa mfalme wa mtu. Ndiyo kusema hakuna Dola Huru ya Kongo ya 1885, mali ya mtu binafsi, na mpira wake uliokusanywa kwa kukatwa watu mikono. Hakuna Tippu Tip kuajiriwa kuwa gavana wa Stanley Falls mwaka 1887, wala vita vya 1892 hadi 1894 vilivyowamaliza Waungwana wa Kasongo na Nyangwe. Hakuna askari wa Kongo kuingia Tabora Septemba 1916, wala Ubelgiji kukodishwa maeneo ya bandari Dar es Salaam na Kigoma kwa faranga moja kwa mwaka.

Wengi wakifika hapa hushangilia, wakamwachia Mkongo nchi yake. Mimi siwezi. Mlangoni mwa mto Kongo, pale Banana, kampuni kubwa ya biashara ilikuwa ya Waholanzi wa Rotterdam. Ureno nayo ilidai mlango huo, na Uingereza iliafiki kwa mkataba wa Februari 1884 kabla ya kuughairi. Wajerumani walikuwa njiani kuelekea Ziwa Tanganyika. Na Leopold mwenyewe somo lake la kukamua koloni alilichukua kwa kuitazama Java ya Waholanzi, ambako tangu 1830 wakulima walilazimishwa kulima kahawa na miwa kwa ajili ya hazina ya mfalme. Huyo mfalme ni William I, yuleyule wa Brussels.

Ufalme ulioungana ungekuwa na Java, makaa ya mawe ya Wallonia, viwanda vya chuma vya Cockerill pale Seraing ambavyo William alitia fedha yake, na benki aliyoianzisha Brussels mwaka 1822, Société Générale. Uasi uliposhinda, benki ilibaki upande wa Ubelgiji. Mwaka 1906 ikawa miongoni mwa waanzilishi wa Union Minière, kampuni iliyochimba shaba ya Katanga kwa miaka 60. Kwa hiyo nikichora ramani yangu ya uasi ulioshindwa, mpira wa Leopold naufuta, lakini Katanga naiacha na mwenye hisa yuleyule.